Jinsi ya kugeuza Hiace ya zamani iwe gari ya kulala na ya kuvuta trela

Watu wengi wakiamua kutengeneza gari ya kulala wanaanza na kitanda, friji, mapazia na taa za kupendezesha, alafu mwishoni kabisa ndo wanakumbuka kwamba wanataka pia kuvuta boti au trela la pikipiki. Kama unataka gari ifanye kazi zote mbili, kwanza piga hesabu ya uzito, alafu breki, alafu upoozaji wa injini, kitanda kitafuata. Kila kilo unayoiweka ndani ya gari ni kilo unayoinyang'anya trela, na ukishika hilo tu maamuzi mengine yote huko mbele yanakuwa rahisi.

Naongelea ile Hiace ya zamani, kipanya chetu, toleo la H100 lililotoka mwaka 1989 hadi 2004, ile ambayo injini ipo chini ya siti za mbele. Naichagua hiyo kwa sababu spea zipo kuanzia Gerezani pale Kariakoo mpaka Tunduma, na fundi yeyote wa njiani ameshaifungua sana tu. Ukiharibikiwa Ruaha Mbuyuni saa kumi jioni utashukuru sana kwamba hukununua gari ya Ulaya ambayo pampu yake ya maji inaagizwa.

Hatua ya 1: kutafuta gari yenyewe

Kwa kuvuta trela mimi nashauri dizeli, injini ya 3L (ni cc 2,779) au 5L (cc 2,986). Hazina turbo, nguvu yake ni farasi 90 na kitu tu, kwahiyo hazitakupeleka mbio, ila ni chuma kigumu na hazina umeme mwingi wa kusumbua. 2L ya cc 2,446 inatosha kwa kulala peke yake, kwa trela itateseka milimani. 1KZ ya turbo ina nguvu zaidi na ni tamu barabarani, ila haitaki mchezo kwenye joto, ikichemsha mara moja tu silinda hedi inaweza kupasuka, kwahiyo ukiipata hakikisha mfumo wa maji ni mzima kabisa kabla hujafikiria kitu kingine.

Nenda kuiangalia gari asubuhi injini ikiwa ya baridi, mwambie muuzaji kabisa asiiwashe kabla hujafika. Fungua rejeta uangalie maji, kama yana mafuta mafuta au rangi ya chai ya maziwa, ondoka. Iwashe, iache ipate moto, fungua kifuniko cha oili uone inavyopumua, pumzi kidogo sio tatizo kwa dizeli ya zamani ila ikitoa moshi kama bomba basi ringi zimeisha. Moshi mweusi kidogo ukikanyaga unarekebishika kwa nozo na pampu, wa bluu ni oili inaungua, mweupe usiokata hata injini ikishapata moto ni hela yako hiyo.

Kutu ndo inaua hizi gari kuliko injini. Beba bisibisi na sumaku. Sumaku ipitishe pembeni kwenye matairi, chini ya mlango wa kuvuta na kuzunguka kioo cha mbele, pale isiponasa ujue kuna puti imefunika shimo. Alafu lala chini kabisa uchokonoe na bisibisi zile reli mbili za chesisi zinazopita chini ya sakafu, hasa nyuma ya ekseli (ule mhimili unaobeba tairi za nyuma), maana hapo ndo trela litakuwa linavuta maisha yake yote. Kama bisibisi inazama, hata wakikupa kwa bei ya kutupa usichukue. Na gari iliyokuwa inabeba samaki ikimbie, maji ya chumvi yalishakaa sakafuni miaka na miaka.

Makaratasi pia: kadi ya gari isomeke jina la anayekuuzia au awe na mkataba unaoeleweka, na faini za trafiki uziangalie mtandaoni kwa namba ya gari kabla hujatoa hata shilingi.

Hatua ya 2: pima uzito, kabla hujakata hata ubao mmoja

Toa siti za abiria usizozihitaji, jaza tenki, peleka gari kwenye mzani. Wenye maghala ya mazao na wanunuzi wa vyuma chakavu wana mizani mikubwa, ongea nao vizuri watakupimia. Andika uzito wa gari nzima, alafu pandisha tairi za mbele peke yake uandike, na za nyuma peke yake uandike. Toa hiyo namba kwenye uzito wa juu unaoruhusiwa ulioandikwa kwenye kadi au kwenye kibati cha gari. Inayobaki ndo bajeti yako, na ndani yake kuna wewe, familia, maji, chakula, fanicha, betri, na ule uzito ambao mdomo wa trela unaukandamiza kwenye gari.

Chukua daftari uanze kuorodhesha. Maji lita 1 ni kilo 1, kwahiyo madumu mawili ya lita 20 ni kilo 40. Mtungi wa gesi wa kilo 6 ukijumlisha chuma chake ni kama kilo 13 hivi. Shiti moja ya plaiwudi ya futi 4 kwa 8 yenye unene wa milimita 18 ni kilo 30 na kitu, ya milimita 9 ni nusu yake. MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandishwa) ya 18 inakaribia kilo 40, na ikilowa inavimba, kwahiyo MDF isiingie kwenye hii gari kabisa.

Mtu atasema mbona daladala inabeba watu 15 na zaidi na inaenda? Ni kweli, watu 15 wa kilo 65 ni kama kilo 975, lakini wale wanashuka. Fanicha yako haishuki, inakaa juu ya springi usiku na mchana, na daladala haikuwa inavuta kitu nyuma ikipanda mlima wa Kitonga.

Hatua ya 3: ufundi wa gari

Hii ndo sehemu ya kumwaga hela. Mimi kama bajeti ni ndogo, nusu nzima inaenda hapa, na kitanda nalalia godoro chini mpaka hela nyingine ipatikane.

Breki kwanza. Pedi mpya, diski zipimwe unene, ngoma za nyuma zifunguliwe zisafishwe, vikombe vya breki vibadilishwe vyote sio kimoja kinachovuja, na mafuta ya breki yamwagwe yote yawekwe mapya. Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewani, yakizeeka yanachemka mapema, na kwenye mteremko mrefu ukiwa na trela pedali inashuka mpaka chini bila kushika kitu. Cheki na hozi za mpira pale karibu na tairi, zikiwa na nyufa toa.

Alafu upoozaji. Rejeta itolewe ipelekwe kwa fundi rejeta aifungue vichwa na kuisukua, kumwagia maji tu kwa nje haitoshi. Hozi mpya, kifuniko kipya, pampu ya maji kama ina mchezo badilisha, na ile klachi ya feni ijaribiwe injini ikiwa na moto, ukiona feni inazunguka kilegevu ujue imekufa. Fundi wengi watakuambia toa themostati (ile valvu inayofunguka maji yakipata moto) kwa sababu huku kwetu ni joto, usikubali. Kwenye injini nyingi themostati ikifunguka ndo inaziba ile njia ya mkato ambayo maji yanarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka tu humo humo bila kupoa, na siku ya mlima mrefu ndo utaijua tofauti. Weka themostati mpya na kulanti ya kweli, maji ya bomba yanakula hedi polepole. Na funga geji ya joto yenye namba na alamu, ile sindano ya kiwandani inakaa katikati muda wote na ikianza kupanda umeshachelewa.

Injini hizi za 2L, 3L na 5L zinatumia belti ya taimingi, inabadilishwa kila kilometa 100,000. Kama muuzaji hana ushahidi kwamba imebadilishwa, wewe hesabu haijabadilishwa, maana ikikatika valvu zinagongana na pistoni na hapo unanunua injini.

Springi za nyuma, kama gari yako ni ya springi za majani, fundi springi aongeze jani moja au azikunje upya, na shokapu mpya pande zote. Usiongeze majani mengi mpaka gari ikiwa tupu inaruka ruka kama mbuzi, lengo ni ikiwa na mzigo ikae sawa, pua isiangalie juu. Klachi kama imebaki kidogo badilisha sasa hivi, trela litaimaliza.

Tairi ziwe zile zenye herufi C mwisho wa saizi, ndo za magari ya mizigo, na angalia namba nne za DOT ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya mtumba yenye kashata nzuri lakini imekaa miaka kumi usiifunge, inapasuka kwenye lami ya moto na nyuma una trela.

Hatua ya 4: bodi, joto na mbu

Ukishatoa siti, kapeti na yale mapanel ya pembeni, osha sakafu, piga grinda yenye brashi ya waya pale penye kutu mpaka chuma cheupe, kata kilichooza fundi bodi achomelee bati jipya, praima, rangi. Uchomeleaji wote ufanyike saa hii kabla ya waya na sponji, na betri ichomolewe kabla fundi hajaanza.

Siti za watakaosafiri ukiwa unaendesha lazima zibaki siti za kweli zilizofungwa kwenye matundu yake ya kiwandani na zenye mkanda. Mtoto asikae kitandani gari ikitembea, hata kama ni karibu.

Huku pwani joto linatoka juu ya paa, kwahiyo hela ya kuzuia joto iweke paani. Sponji ile nyeusi ya kubandika ya milimita 10 mpaka 20 inatosha, usitumie sufi ya kioo, inashika unyevu na kutu inarudi kimya kimya ndani. Lakini nikuambie ukweli, Dar au Tanga mwezi wa pili hakuna sponji itakayokuokoa bila upepo. Toboa paa ufunge feni ya kutolea hewa ya volti 12, alafu ufungue dirisha la upande wa kivuli, hewa inaingia huku inatokea juu. Tundu la paa lizungushiwe silanti ya gari, sio ile silikoni ya bafuni, na ribiti zake zipakwe pia.

Wavu wa mbu usiupuuze. Shona nyavu kwa fundi cherehani na sumaku ndogo ndogo kwenye pindo, zinanasa zenyewe kwenye fremu ya dirisha na ya mlango wa kuvuta. Malaria inaingia kwa kitundu kidogo tu. Ukienda Lushoto, Mufindi au Njombe mwezi wa sita na wa saba ndo utaifurahia ile sponji, maana huko ni blanketi mbili.

Hatua ya 5: kitanda na makabati

Fremu ya kitanda tengeneza kwa skwea paipu ya milimita 25 unene 1.5, ni kama kilo 1.1 kwa kila mita, fundi wa mageti wa mtaani kwako anaiweza. Juu weka plaiwudi ya milimita 9 au chaga za saiprasi. Mafundi wa Keko wana mikono ya dhahabu, ila ukiwaachia wakuamulie watakujengea kabati la mninga la kukaa sebuleni miaka 40, zuri sana na zito sana. Wape kipimo na unene wa ubao kwenye karatasi, uwaambie ni gari.

Kitanda cha urefu, kichwa kikiangalia mbele, ndo bora kwa mtu mrefu. Cha kukatiza kinaokoa nafasi lakini pima kwanza upana wa ndani, watu wengi hawatoshi. Chini ya kitanda ndo stoo, na vitu vizito vyote, yaani betri, maji na boksi la spana, vikae chini na mbele ya ekseli ya nyuma, usivirundike mlango wa nyuma kabisa. Fremu ifungwe sakafuni kwa bolti zinazotokea chini zenye bati pana upande wa pili, sio skrubu za mbao, maana ukikanyaga breki ya ghafla kabati lisilofungwa linakufuata mgongoni.

Godoro la Dodoma la inchi 4 likate kwa kipimo, mapazia shona kitambaa cheusi, hapo sina zaidi ya kusema.

Hatua ya 6: umeme

Usichukue umeme wa kulalia kwenye betri ya kuwashia gari, utaamka huko porini gari haiwaki. Weka betri ya pili. Hesabu yake iko hivi: friji ya volti 12 ya lita 40 kwenye joto letu inakula kama Ah 35 mpaka 45 kwa siku (Ah ni ampea mara saa, ndo kipimo cha umeme unaotunzwa na betri), feni Ah 10, taa za LED Ah 4, simu Ah 4. Jumla kama Ah 60.

Betri ya lithiamu fosfeti ya Ah 100 unaweza kuitumia karibu yote na ina uzito wa kilo 12 hivi. Betri ya asidi usishuke chini ya nusu, kwahiyo kwa matumizi hayo hayo unahitaji Ah 200 na ni kilo 50 na zaidi. Lithiamu ni ghali kuinunua, ila kwa gari ya kuvuta trela mimi sina mjadala, kilo 40 umeziokoa na inadumu zaidi. Ikae ndani ya gari penye hewa, mbali na joto la injini.

Chaji ya kwanza ni jua. Paneli ya wati 200, kwa saa 5 za jua zuri na ukitoa upotevu wa karibu asilimia 30, inakupa Wh 700 (wati mara saa), ambazo ukizigawa kwa volti za betri ni kama Ah 55, yaani karibu matumizi yote ya siku. Chaja kontrola, yaani kifaa kinachoongoza umeme wa paneli kwenda kwenye betri, iwe ya MPPT (aina inayovuna zaidi) na iwe na mpangilio wa lithiamu. Paneli ifungwe kwa bolti na iachiwe nafasi ya vidole viwili chini yake hewa ipite, inapoa na inatoa zaidi, na paa linapata kivuli.

Chaji ya pili ni oltaneta, ile jenereta inayozungushwa na injini. Hapa usimruhusu fundi akuungie waya moja kwa moja kutoka oltaneta kwenda kwenye lithiamu. Lithiamu ikiwa tupu inavuta kila kitu inachopewa, na oltaneta ya Hiace ya zamani ni ndogo, itaungua. Weka chaja ya kati ya DC kwenda DC ya ampea 20 au 30, waya wa milimita mraba 16, na fyuzi mbili, moja karibu kabisa na betri ya mbele na nyingine karibu kabisa na ya nyuma. Fyuzi kazi yake ni kulinda waya, na huo waya una betri pande zote mbili, ukigusa bodi katikati unapata moto kutoka kote.

Waya zipite kwenye bomba laini, kila tundu la bati liwekewe mpira, na kila kifaa kiwe na fyuzi yake kwenye boksi moja unaloweza kulifikia usiku kwa tochi. Inveta ndogo (inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ya wati 300 kwa laptop inatosha. Pasi, birika na heater ya maji sahau.

Hatua ya 7: maji, jiko na moto

Madumu mawili na pampu ndogo ya volti 12, au ya kukanyaga na mguu ambayo haiharibiki. Beseni la bati la kuoshea, bomba la kumwagia nje kwenye ndoo, basi.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama sakafuni. Kwahiyo mtungi ukae kwenye kaboksi kake kalikofungwa upande wa ndani na chini kana tundu linalotokea nje ya gari. Paka mpira na maungio yote povu la sabuni uone kama linatoa mapovu, na rudia kila safari. Gari ikitembea, mtungi unafungwa. Pika mlango ukiwa wazi, na jiko la mkaa lisiingie humu ndani hata siku moja, hata likibaki majivu, hata Njombe kukiwa na baridi ya namna gani. Ile hewa ya mkaa haina harufu na watu wanalala hawaamki. Mtungi wa zimamoto wa poda ufungwe karibu na mlango, sio chini ya kitanda.

Hatua ya 8: tobaa na trela

Tobaa, lile chuma la nyuma lenye kichwa cha duara, likifungwa vibaya linaua watu wengine barabarani, kwahiyo hapa usibane hela.

Lisifungwe kwenye bampa, wala kwenye bati la sakafu. Linashika reli zote mbili za chesisi, kila upande angalau bolti tatu za M12 zenye alama ya 8.8 kichwani, zimepangwa kwa urefu wa reli zisiwe zimerundikana sehemu moja, na mabati ya milimita 6 mpaka 8. Reli za Hiace ni boksi la bati jembamba, ukibana bolti kavu kavu linabonyea, kwahiyo fundi aweke bomba la chuma ndani ambamo bolti inapita. Ukipata tobaa iliyotengenezwa maalum kwa H100 chukua hiyo. Ya kuchomelea barabarani na vipande vya mabaki ya reli, hapana.

Kichwa kiwe cha milimita 50 na kikombe cha trela kiwe cha 50 pia, vikitofautiana kidogo tu siku ya tuta linachomoka. Gari ikiwa na mzigo, katikati ya kichwa pawe sentimeta 35 mpaka 42 kutoka chini, na trela likae usawa. Cheni mbili za usalama zipishane kwa mkao wa X chini ya mdomo wa trela, ili mdomo ukichomoka udondokee kwenye cheni badala ya lami.

Waya za taa kwenye soketi ya pini 7 zina rangi zake: njano indiketa ya kushoto, kijani indiketa ya kulia, nyekundu breki, kahawia taa ndogo ya kulia, nyeusi taa ndogo ya kushoto, bluu taa ya ukungu ya nyuma, nyeupe ethi. Ethi iwe na waya wake kamili, usitegemee kichwa cha tobaa kipitishe umeme. Tumia relei (swichi inayowashwa na umeme mdogo) ili swichi za zamani za gari zisibebe taa zote.

Uzito wa trela sasa. Soma kitabu cha gari yako na usizidishe. Juu ya hapo mimi nina kikomo changu: trela lisilo na breki zake lisizidi kilo 750 na mzigo wake wote, na lenye breki lisizidi kilo 1,000 kwa injini ya 3L, hata kama fundi anakuambia aliwahi kuvuta tani mbili.

Mdomo wa trela ukandamize asilimia 7 mpaka 10 ya uzito wake. Trela la kilo 700 ni kilo 50 mpaka 70, unapima kwa mzani wa bafuni na kipande cha ubao. Mdomo ukiwa mwepesi sana trela linaanza kutikisa mkia. Ukiwa mzito sana unanyanyua pua ya gari: chukulia ekseli hadi ekseli ni mita 2.6 na kichwa cha tobaa kipo mita 1 nyuma ya ekseli, kilo 60 mdomoni zinaipa ekseli ya nyuma kilo 83, na ya mbele inapungukiwa 23, ambayo ndo inakata kona na kushika breki nyingi. Unaona sasa kwanini nilisema betri na maji yakae mbele ya ekseli ya nyuma.

Kwa wenye boti, ukifika Pangani au Bagamoyo usizamishe trela hapo hapo, beringi zimetoka safari zina moto, zikiingia maji ya baridi zinafyonza chumvi ndani. Subiri zipoe, na ukitoa osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na grisi mpya mara kwa mara. Na chomoa soketi ya taa kabla ya kuingia majini.

Hatua ya 9: makaratasi

Kama gari ilikuwa ya biashara ina plate nyeupe, ukiifanya ya binafsi inatakiwa plate ya njano, na mabadiliko ya matumizi na ya bodi yaingie kwenye kadi, hayo ni mambo ya TRA baada ya ukaguzi wa trafiki. Trela nalo linasajiliwa na lina namba yake. Bima waambie wazi kwamba siti zimetolewa, kuna kitanda na gesi, na unavuta trela, waandike, maana ukiwaficha siku ya ajali ndo watakapogundua. Hakikisha na daraja la leseni yako linaruhusu.

Hatua ya 10: kuijaribu

Usianze na Mbeya. Nenda Bagamoyo bila trela, lala usiku mmoja, andika kila kinachogonga, kinachovuja na kinachokosekana. Alafu Morogoro na trela lenye nusu ya mzigo. Kabla ya hapo tafuta uwanja mtupu ujifunze kurudi rivasi: shika stelingi kwa chini, ukisogeza mkono kulia nyuma ya trela inaenda kulia, kushoto inaenda kushoto, polepole, na likianza kukunjika simama, vuta mbele, anza upya.

Barabarani mimi sizidi 80 nikiwa na trela. Likianza kuyumba, toa mguu kwenye mafuta, shika stelingi imenyooka, usikanyage breki kwa nguvu na usijaribu kulifuata, litatulia lenyewe spidi ikishuka, alafu simama pembeni upange mzigo upya uende mbele kidogo.

Kitonga ukipanda zima AC, gia ndogo mapema, angalia geji ya joto, ikipanda tafuta sehemu pana usimame na uache injini iwake feni ipulize, usifungue rejeta. Ukishuka ingiza gia ya pili ukiwa bado juu kabisa, injini ikibanwa na gia ndogo inasaidia kushika gari, breki zigusie tu kwa vipindi. Ukisikia harufu ya pedi simama zipoe nusu saa nzima, na usimwagie maji.

Ukishatembea kama kilometa 100 za kwanza na trela, simama penye kivuli, chukua spana, kaza nati za tairi za gari na za trela, kaza bolti zote za tobaa, gusa vikombe vya beringi za trela kwa kiganja. Kikombe ambacho huwezi kukishikilia kwa joto lake usiendelee nacho, kifungue hapo hapo.